Boksi la Barazani

Orrin,

Chapati za maji nimezifunika, shira ya mti wa mepo ya kumiminia iko kabatini. Mvalishe Tess buti kabla hajatoka kucheza, nje ni tope tupu.

Nimekimbilia maktaba kabla hawajaanza kuuza. Najua, kila mwaka theluji ikiyeyuka huwa tunaweka barazani boksi la vitabu vya kuwapa maktaba wauze. Lakini hivi vya boksi la safari hii nilijichagulia mimi, nivisome msimu huu. Ungeniuliza kwanza, bwana! Unavipeleka jana kimyakimya, halafu asubuhi hii nalia, unaniambia, “Si vitabu tu? Hukohuko utapata vingine vizuri!”

Vizuri! Vingine wachukue, sina neno. Kile cha jalada la kijani ni cha marehemu mama. Alikisoma kila majira ya kuchipua, na akikimaliza anaandika tarehe ukurasa wa mwisho. Ziko tarehe thelathini na moja, Orrin, kwa mkono wake. Na watu wanapanga foleni na mifuko tangu alfajiri.

~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini.

Kalamu yake iko hapa mezani, msiiguse. Mwaka huu tarehe naiandika mimi.

Mkeo