Picha Pekee ya Baba

4 Machi

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila macho ya mama yanazidi kufifia. Mdomo uko palepale. Kifua chako je, kimepona?

Kaka, studio kuna balaa. Picha alizopiga marehemu baba, nilizoziingiza kwenye kompyuta kabla filamu hazijaoza, zinaharibika. Bibi harusi kabaki kichwa, gauni limekuwa mistari ya kijivu. Leo hata ile ya baba mwenyewe, aliyopigwa na mama, amenipakata mimi mchanga, imefunguka nusu. Kapiga watu picha maisha yake yote na yeye ana moja tu. Mama anataka aione ukutani, kubwa, kabla macho hayajazima. Wewe ndiye fundi wa kompyuta, sema.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Kifua kimepona, kikohozi kimebaki kunisindikiza. Hiyo diski imechoka. Nunua mpya, nakili kila kitu mara moja. Mpe mama pole.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Za siku? Mama hajambo, anakuuliza. Nimenunua, nimenakili, na nakala nazo ni mbovu. Fundi wa mtaani kaniambia nikubali yaishe. Nimemwambia akubali yeye.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Nilikosea. Diski mbili haziugui ugonjwa mmoja kwa pamoja. Kibovu ni kidhibiti cha diski, kile kifaa ndani ya kompyuta kinachopitisha data kwenda na kurudi kwenye diski. Kinaandika makosa kimyakimya, wala hakilalamiki. Zima mashine, usihifadhi kitu tena. Ile diski ya zamani ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Lakini kunakili tu hakuharibu picha ya asili. Huwa unazifanya nini?

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nafanya kama baba. Unakumbuka, hakurudisha picha kabatini bila kuigusagusa kidogo. Nami kila nikifungua narekebisha mwanga, nahifadhi. Ile yake nimeifungua kuliko zote. Kumbe nilikuwa naila mwenyewe, na inaniuma sana. Nimezima. Kesho naazima kompyuta kwa jirani, na sirudi mpaka nimeifungua ya mwisho.

Mdogo wako

2 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo, na usininunie kwa ukimya. Mama mzima.

Zote ambazo sikuzihifadhi tena zimefunguka safi. Nilizozirekebisha hazikurudi. Ya baba imebaki nusu: uso upo, na lile tabasamu lake la kubana. Chini ya kidevu ni kijivu tupu. Mikono imepotea, na mimi niliyepakatwa.

Nililia mbele ya mama. Akasema, "Aliyepotea ni wewe, na wewe si huyu hapa? Angepotea yeye, ningemwita nani aje akae? Lete kamera."

Nikakaa kwenye kiti kilekile alichokalia baba. Alipiga kwa kukisia, na kidole chake kimeziba pembe moja. Nimezichapa zote mbili na kuzitia fremu moja, juu baba, chini mimi. Mama husimama karibu kabisa na ukuta, pua nusura iguse kioo, anatuangalia.

Kidhibiti kipya nimekifunga mwenyewe. Picha aliyopiga mama sijairekebisha hata kidogo, na kidole chake nimekiacha.

Mdogo wako