Mbuzi Aliyetangulia Kuolewa

Mume mwenzangu Shabani,

Salaam nyingi kutoka Ruaruke. Sisi wazima, mpunga umekubali, na bibi yako, mke tunayemgombania, anasema urudi umenenepa.

Umeuliza, huko hospitali unakojifunzia tiba kwa vitendo, ile ya kurudisha viungo kazini, umfanyeje mgonjwa anayegoma kuufanyisha mkono mazoezi. Bwana, mimi niligoma. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, niliumia mkono wa kulia, nikalazwa, na harusi imekaribia. Mtaalamu wa tiba hiyo, dada mmoja mpole, akanipa maharage niokote mojamoja. Nikamwambia, "Mimi si kuku."

Hakununa. Akauliza, "Mkono huo unautakia nini?"

"Kushikana mkono na baba mkwe akiniozesha siku ya nikaha. Ukilegea, atasema anamtwisha bintiye mzigo."

Akamwomba mzee wa kitanda cha jirani awe mkwe wangu wa mazoezi. Mzee akakataa. "Ndoa haina mzaha, na mimi nina mabinti. Labda nimwozeshe mbuzi."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi ananishika, "Nimekuozesha mbuzi wangu," nami nabana vidole, "Nimemkubali mbuzi wako," wodi nzima inacheka. Vidole vikapata nguvu.

Siku ya nikaha yenyewe mkwe akatamka maneno yake. Nikabana, nikajibu, "Nimemkubali mbu..." nikakohoa, nikaanza upya. Mkwe akaninong'oneza, "Umeshaozwa, bwana. Niachie mkono."

Basi muulize mgonjwa wako anautakia nini mkono wake. Ila habari ya mbuzi usimpe bibi yako. Yeye anajua nilipaliwa na vumbi.

Ni mimi babu yako, mume wa wawili.