Kumbe Bosi Alishahamia Toleo Jipya

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi, nimechoka.

Wiki nzima wauguzi wamekuwa wakininunia, eti ratiba ya zamu niliyotengeneza haifunguki. Nimeikagua mstari kwa mstari, sioni kosa.

Leo bosi kaniuliza mbele ya wote, tuhamie toleo jipya la programu za ofisi au tubaki na hili? Nikasema tungoje, nijaribu kwanza kwenye kompyuta moja.

Bosi akashangaa, "Mbona mimi nilishaweka jipya? Ratiba yako naihifadhi humo kabla ya kuwatumia wauguzi."

Alishaweka. Shoga, alishaweka. Kompyuta za wodini zina toleo la zamani, zingeifunguaje?

Muuguzi mkuu akaninong'oneza, "Pole mdogo wangu, tulikuonea."

Bosi wala hakushtuka. "Haya, unashauri nini?"

Nikasema tuhamie wote. Sikuwa na nguvu ya kusema lingine.