Ndege Niliyoirudisha Juu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimetulia. Sisi afya zipo, ila mioyo haijakaa sawa. Baba hali chakula vizuri, nami usingizi umenipaa.

Najua umesikia habari za upanuzi wa uwanja wa ndege. Huku hakuna habari nyingine. Serikali inataka njia ya pili ya kurukia ndege, na ramani yao imepita juu ya mtaa wetu wote: nyumba, karakana ya Baba, hata kisima. Diwani anapinga, mbunge anaunga mkono, na kila mmoja akipita hapa anatuachia vumbi na ahadi. Dukani watu hawajuliani tena hali. Wanaulizana uko upande gani.

Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Usingemtambua. Mzee aliyekuwa akisinzia saa ya habari sasa anamzomea waziri redioni. Amechomelea bango la chuma, HATUHAMI, zito kiasi kwamba majirani wanatania kuwa tingatinga likija, litaanza kuomba radhi. Mimi wananiita Mnara kwa sababu ya kazi yangu ya kuongoza ndege, na Baba alikuwa akinitambulisha mikutanoni kwa majivuno: huyu ni wetu, yuko ndani kabisa.

Wiki iliyopita kamati ya bunge ilikuja kusikiliza maoni katika ukumbi wa shule. Baba aliniomba niwaambie kwamba njia moja inatosha. Nikamjibu kuwa nitasema ninachokijua, naye akanipiga begani, akidhani ni kitu kilekile. Kaka, nilikisogelea kipaza sauti hadi kikakoroma. Niliwaambia njia moja haitoshi tena. Kwamba tunazibananisha ndege mno, moja inatua nyingine haijaondoka vizuri, na kwamba mwaka jana tuliponea chupuchupu. Mama mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti kuniuliza nimeahidiwa cheo gani. Wabunge wakataka kujua ni ndege ipi. Sikuitaja. Baba alikuwa kiti cha mbele. Hakunizomea. Alichukua kofia yake akatoka.

Tangu hapo hatuzungumzi. Nikiandaa chakula, anasema ameshiba. Tukikutana koridoni ananipisha kama mgeni. Jana nilimsikia akimwambia jirani kwamba kubomolewa nyumba kungemuuma kidogo kuliko hili. Na mimi je? Nimezaliwa humu. Sijui tutahamia wapi, na kila tingatinga ninalolisikia barabarani nadhani limekuja kwetu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ndege ile ilikuwa yako. Ni siku ulipokuja kwenye arusi ya binamu. Tulikuwa tumeingiza ndege ya mizigo njiani ili iwahi kuruka kabla yenu haijatua, ikakwama pale pale. Mvua ilikuwa kubwa, rubani wenu hakuiona. Nilipiga kelele kwenye redio mrudi juu, na mkarudi. Usiku, nilipotoka zamu, ulitusimulia nyumbani jinsi rubani alivyoghairi kutua dakika ya mwisho, Baba akacheka mpaka machozi. Mimi nilikwenda jikoni, nikafungulia bomba ili msinisikie nikilia.

Nikimwambia Baba haya, nitamvunja nguvu kabla ya kura, mbele ya watu wote wanaomtegemea. Nisipomwambia, ataamini maisha yake yote kwamba nimeiuza nyumba yake. Nimeshindwa kuchagua. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye kiti kile, kaka. Ukiona anastahili kujua, mpigie wewe. Bunge linapiga kura Ijumaa.

Mpe wifi mkono, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Uwabane sana.

Mdogo wako akupendaye,
shangazi yao