Tumbo la Paka Wetu

Bofu, Likoni
6 Machi 1944

Mwanangu Karisa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana anayekulinda huko vitani. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto huniuma kukinyesha. Wewe u mzima? Wanakulisha?

Nina neno, sitaki ulisikie kwa watu. Mkeo Nyamvula amerudi kwao Magongo. Nilikwenda Kaloleni kulima wiki tano, nikamwacha na paka. Niliporudi nikaona tumbo la paka linaning'inia kama mfuko uliomwagwa unga. Akitembea, linacheza huku na huku. Nikajua amezaa. Watoto wako wapi? Nyamvula akasema, "Mama, paka huyu hakuzaa." Nikamwambia umewatupa baharini. Mwanamke aliyeolewa miaka mitatu bila mtoto, akitupa watoto wa kiumbe, Mungu atamfungulia vipi?

Alhamisi nikasimama katika maombi ya akina mama, nikaomba aombewe kwa dhambi hiyo, naye ameketi papo hapo. Kesho yake akafunga nguo zake akaenda. Kama nimekosa, niambie.

Mama yako,
Kafedha


Mahali nisiporuhusiwa kutaja
11 Mei 1944

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzima, homa imeniacha. Pole kwa mguu.

Barua yako ilinikasirisha. Nikaiweka siku nne, nisije nikakujibu vibaya. Kisha nikamsomea Mutua, Mkamba anayemsaidia daktari wa nyumbu wetu wa mizigo. Alicheka sana. Akamkamata paka wa stoo ya chakula, akamgeuza: dume, na ngozi inaning'inia vile vile. Anasema paka wengi wazima wanayo, dume kwa jike, wanene kwa wembamba. Wakipigana, makucha hushika ngozi tu, matumbo yakasalimika. Na paka akiruka, ile ngozi humwachia mwili unyooke. Aliyezaa ungemjua kwa chuchu zilizojaa, na angezunguka nyumba akiwalilia wanawe.

Usiniamini mimi. Tafuta dume lolote hapo Bofu ulitazame. Kisha nenda Magongo, Mama. Radhi hii siwezi kukuombea kwa barua. Nyamvula asiporudi kwa ajili ya uwongo, na mimi nikirudi, nitarudi kwa nani?

Mwanao,
Karisa


Bofu, Likoni
23 Julai 1944

Mwanangu,

Amani ya Bwana ikukute mzima. Mimi sijambo, mkono tu una makwaruzo, na sababu utaicheka.

Baada ya ibada nililishika shume la mwalimu Elkana, dume zima, nikaliinua. Tumbo lake linaning'inia kuliko la paka wetu. Margret, mke wa mwalimu, akanikuta. "Mama Karisa, unamtafuta nini paka wangu huko chini?" Nikaliachia, likanikwaruza mkono likakimbia.

Usiku ule sala haikutoka. Siku ya pili nikavuka kivukoni, nikafika Magongo mchana. Nyamvula alinipa kigoda na maji, akaniamkia vizuri, akaendelea kuchambua mchicha. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mama, kunishtaki ulinishtaki mbele ya watu. Radhi waniomba jikoni?"

Nikamwambia ni kweli, nitasimama tena mbele ya akina mama. Akasema Alhamisi atakuja asikilize.

Alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Nikasimama. Nikawaambia akina mama kwamba paka wangu hakuzaa, kwamba ngozi ile ndivyo Mungu alivyowaumba paka, na kwamba mimi nilimzulia mkaza mwanangu dhambi kisha nikaipeleka mbele za Mungu kama kweli. Wa kuombewa ni mimi. Wengine walicheka niliposema tumbo la paka. Kahaso, mmoja wao, akasema, "Kumbe na shume langu! Mwaka mzima nalinyima samaki nikidhani limevimbiwa." Nyamvula hakucheka.

Tulipomaliza nilibaki nimeketi. Wakatoka wote. Nikasikia mtu amesimama mbele yangu.

Nyamvula hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alinipa mkono niinuke, akasema, "Mama, twende nyumbani. Jua linazidi."

Mama yako,
Kafedha