Nimeitwa Kumpima Daktari Aliyemwokoa Mwanangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba upesi, kwa sababu Alhamisi saa nne asubuhi nimeitwa mbele ya madaktari mabingwa watano, mimi niliyeishia darasa la saba, nikaseme kama daktari wao ameiva au bado, na tangu simu ilipopigwa sijakaa kitako, nafua nguo ambazo hazijachafuka na wifi yangu ameshaniazima viatu vyake vya harusini.

Mwezi uliopita kifungua mimba wangu, ana mwaka na miezi minne, alilazwa wodi ya watoto kwa nimonia, na pale kina mama tunaitwa kwa vitanda, nikawa Mama Kitanda Saba. Kulikuwa na daktari kijana, ni daktari kamili ila bado anasomea ubingwa wa watoto, tukambatiza Chapuchapu kwa jinsi anavyotembea, koti linapepea nyuma kama bendera. Basi asubuhi moja wenzake wawili walishapita wakasema mtoto anaendelea vizuri, huyo Chapuchapu akasimama, akamfunua kifua, akatazama mbavu zinavyoingia ndani, akasema, "Huyu anachoka," akambeba mwenyewe mikononi hadi kwenye oksijeni, mimi nyuma yake peku. Mwanangu yu hai kwa sababu ya yule kijana, hilo naliapia.

Siku ya kuruhusiwa akanieleza dawa ya nyumbani huku anaandika, huku anamjibu sista, huku mguu mmoja uko mlangoni, akamaliza, "Umeelewa, mama?" nami nikaitikia kwa kichwa kama mjusi juani. Sikuelewa kitu, ila niliona aibu kumrudisha. Mara sista akaniletea fomu ya kuwapima hao madaktari wanaosomea ubingwa, ina nyuso zilizochorwa, anayecheka, anayetabasamu, aliyenuna, na swali la nne linauliza: alipokueleza dawa, ulielewa? Nikaweka alama kwenye anayecheka, juu mpaka chini, furaha ya kwenda nyumbani ilinizidi.

Siku ya tatu mtoto anakula, anavuta kamba za viatu vya baba yake, nikaona amepona, nikaifunga chupa ya dawa nikaiweka akiba. Kumbe ilitakiwa anywe siku saba! Homa ikarudi, tukalazwa tena siku mbili, na daktari mwingine aliponiuliza nani alinieleza dawa, nikasema sikumbuki.

Sasa mwalimu wao kanipigia mwenyewe, kasema kina mama wamemsifu sana Chapuchapu, wanataka kumpandisha ngazi, aanze kuona wagonjwa bila mkubwa kusimama pembeni, lakini utaratibu wao lazima mzazi mmoja aje aseme kwa mdomo. Wakanichagua mimi! Niliruka jikoni mpaka maziwa yakamwagika, halafu nikakumbuka swali la nne, moyo ukafanya paa.

Mama mkwe anasema, "Asante ya punda hiyo! Mtu kamwokoa mjukuu wangu, wewe uende ukamchongee?" Mume wangu anasema, "Sema kilichomo kwenye fomu, rudi nyumbani, usijitie uwakili." Na jana, nimempeleka mtoto kupimwa uzito, nikakutana na Chapuchapu mwenyewe kwenye korido, akamrusha mwanangu juu, akasema, "Mama Kitanda Saba, Alhamisi usiniangushe!" Akacheka, nami nikacheka, nikamchukua mwanangu nikaondoka haraka, maana wasipompandisha atarudia miezi sita. Nifanyeje?

Mama Kitanda Saba

*

Mama Kitanda Saba, mdogo wangu,

Hongera, na mbusu huyo mtoto kwa niaba yangu! Barua yako nimeisoma nimesimama. Unajua ni wangapi tumetibiwa miaka yote na hatujaulizwa hata siku moja daktari alikuwaje?

Sasa kaa nikugombeze. Kuitikia usichokielewa ni uongo, hata kama mdomo haukufunguka. Uliogopa kumpotezea daktari dakika mbili, ukampotezea mwanao siku mbili wodini. Na ile "sikumbuki" yako ni mbaya zaidi, maana pale ndipo wangejua. Ila usijitwishe mzigo wote peke yako. Nani haitikii mbele ya koti jeupe? Daktari anatakiwa alijue hilo. "Umeelewa, mama?" ya mguu mlangoni ni kuaga tu. Angeuliza, "Hebu niambie, ukifika nyumbani utampaje hii dawa?" hapo hapo mngegundua wote wawili.

Mkweo mpe heshima zake, halafu usimfuate. Macho ya yule kijana ni dhahabu, kueleza bado hajui, na mabingwa wanataka kuyasikia yote mawili, ndiyo sababu wakakuita. Ukinyamaza ndipo utakapomwangusha, maana atapanda na pengo lake, na siku litakapomponza hatakuwa na mkubwa wa kumshika mkono.

Jumatano nenda ukamtafute, usimshtukize kikaoni. Mwambie, "Daktari, kesho nitasema ulivyomwokoa mwanangu, na nitasema dawa sikuielewa." Akinuna, anune. Alhamisi anza na mbavu na oksijeni, usipunguze hata neno. Kisha iweke mezani ile chupa uliyoifunga, useme fomu uliijaza kwa furaha na jibu la nne unalibadilisha. Wakikuuliza apande au asipande, wajibu, "Hiyo ni kazi yenu, wazee wangu, mimi nimeleta niliyoyaona." Miezi sita wataihesabu wenyewe.

Na sauti ikikukauka, mfikirie mama atakayeruhusiwa wodini wiki ijayo, mtoto begani, dawa mkononi, na aibu ya kuuliza. Yeye hakupigiwa simu. Umepigiwa wewe. Nenda!