Mama Yuko Ng'ambo ya Kizuizi

Mabanga, Goma
Tarehe 11 Oktoba 1959

Mpendwa kaka Ndagijimana,

Nakusalimu wewe, wifi Mukashyaka na watoto wote. Poleni na kazi za huko Kampala. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Usikipuuze. Sisi huku tu wazima wa mwili na maharagwe yameota vizuri, ila nina hasira, kaka, na nisipokumwagia wewe sijui nitammwagia nani.

Ndugu yetu Evariste amekuwa mtu mkubwa. Siku hizi kila mtu anasema uhuru, uhuru. Basi chama chake hapa Goma kimeunda komite ya kuchagua mabalozi na washauri wa mambo ya nje, watu watakaoelekeza nchi namna ya kuishi na mataifa mengine, ambayo hao wanakomite hawajui hata yako upande gani. Rais wa komite ni yule Hategekimana, karani wa zamani, asiyevua kofia hata akiwa mezani.

Sasa sikia wanavyochagua. Unakumbuka Wazungu walivyokuwa wakiingia nyumbani kwa mtu aliyeomba karte ya évolué, ile ya kuhesabiwa mtu mstaarabu, wakifunua mashuka yake na kukagua uma na visu? Sote tuliuchukia ule upuuzi. Komite imeuchukua mzima mzima! Anayetaka kuwa balozi wanamtembelea, wanatazama kitanda, wanachungulia choo, wanauliza kama mke anakula naye meza moja. Hakuna anayemwuliza atafanya nini Waingereza wakitufungia njia ya Bunagana pale mpakani, na nusu ya ukoo wetu inaishi ng'ambo.

Evariste alijiandaa kama bwana harusi. Henriette, mkewe, alikuja kuazima sahani zangu, akarudi kuazima na pazia. Halafu wakamtazama mama, anayekaa nao. Unamjua mama yetu: mkeka wake uko karibu na moto, kiko chake cha tumbaku mdomoni, anakula kwa mkono, na mgeni akija anamwambia aketi naye chini. Wakaona atawaharibia. Evariste akamdanganya kwamba mama mdogo Léocadie anaumwa sana kule Bunagana, upande wa Waingereza, akampandisha kwenye lori la mboga. Mama alifika akamkuta mdogo wake shambani, analima.

Komite ilikuja Katoyi, nyumbani kwa Evariste, ikala kuku, ikasifu pazia langu. Nilikuwepo, nikipakua. Hategekimana alisema nyumba isiyo na vikongwe jikoni ndiyo nyumba ya kisasa, na ndugu yako akacheka pamoja naye. Nilitamani kummwagia mchuzi. Siku ileile wakamchagua kuwa mshauri.

Nilipomwambia sasa amrudishe mama, alisema nisubiri kwanza apigwe picha pamoja na wenzake. Mama naye alituma habari kwamba harudi mpaka aliyempeleka aje kumchukua mwenyewe. Majirani walipoanza kunong'ona ndipo Evariste akaona haya. Wiki iliyopita tulipanda lori pamoja.

Mshauri wetu wa mambo ya nje alivaa suti na tai, akasahau karatasi ya kuvukia mpaka! Pale kizuizini askari wa Waingereza aliniacha nipite, maana ananijua kwa biashara yangu ya maharagwe. Evariste akaanza kumweleza kwa Kifaransa yeye ni nani. Askari akamjibu kwa Kiswahili, lakini ndugu yako akashikilia Kifaransa chake, eti mshauri hasemi lugha ya sokoni. Askari akachoka, akasema hapiti mpaka mtu wa upande wao aje kumtambua.

Nikaenda kumwita mama. Alikuja polepole, akasimama ng'ambo ya mti wa kizuizi, akamtazama mwanawe tangu viatu mpaka tai. Askari akamwuliza kama anamfahamu mtu huyu.

"Mama yake ninamujua," mama alisema. "Yeye, hapana."

Evariste alimwita kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtoto. Mama alikwisha kugeuka. Nilipomfikia njiani nikakuta analia, kaka, na mimi sijawahi kumwona mama akilia, hata tulipomzika baba. Nilimwomba aje akae kwangu Mabanga, akakataa. Mimi na Evariste tulirudi na lori lilelile, na njia nzima aliniomba nisimwambie mtu.

Kesho kutwa wanampiga hiyo picha. Mimi sahani zangu nimekwisha kuzichukua.

Sasa wewe na mama mko nchi moja. Tafadhali nenda ukamwone, umpelekee tumbaku na blanketi, maana kule baridi ni kali. Usimtetee Evariste mbele yake.

Nisalimie wifi, na Laurent mdogo, na binamu Nzabonimpa ukimwona. Kahindo, jirani yangu, anawasalimu sana. Evariste hakutuma salamu, kwa kuwa hajui kwamba ninaandika.

Mungu awalinde nyote, na akujalie uzee ambao watoto wako hawatauonea haya.

Wako akupendaye,
dada yako Laurence